Dijei wa Laini Saba na Salamu Zake

Sijui alizaliwa wapi hasa, na hata ningejua nisingeanzia huko, kwa sababu mwenyewe hakupenda mazungumzo ya aina hiyo. Ukimwuliza kwao ni wapi alijibu "huko ziwani," kisha akanyosha mkono upande wowote uliokuwa rahisi, hata kama ni upande wa milima ya Ngong. Laini Saba nzima, kule Kibera, tulimwita Dijei, na sidhani kuna aliyelijua jina la kwenye kitambulisho chake. Wala hakuwa wa kupiga muziki. Alikuwa Dijei wa vidio. Filamu ya Kizungu au ya Kichina ikiwekwa pale kwenye kibanda cha sinema, yeye alikaa pembeni na maikrofoni yake akaigeuza kuwa Kiswahili chetu papo hapo, na sauti zote zilikuwa zake: jambazi, polisi, bibi harusi, hata mbwa.

Mimi ni fundi wa kushona nguo. Wakati huo chumba changu kilipakana na kibanda chake, na kati yetu palikuwa na mabati tu, tena mabati yenye matundu ya misumari. Nilishona sare za shule na mapazia huku nikimsikiliza, kwa hiyo filamu zote nilizozijua nilizijua kwa masikio. Nimelia kwa ajili ya watu ambao sura zao sijaziona mpaka leo. Mume wangu alikuwa ameshaenda zake, binti yangu Brenda alishinda shuleni, na ile sauti ya upande wa pili ndiyo iliyonishindisha. Nilikuwa mpweke, sioni sababu ya kuficha. Bila yeye ningeongea na cherehani.

Siku ya kwanza nilipochungulia ndani nikamwona kazini, nilivunjika moyo. Sauti niliyoizoea ilikuwa ya mtu wa kifua, mtu wa kuvunja mlango kwa bega. Kumbe ni mwembamba kama ufito, amevaa sweta ya shule isiyo yake, tena amefumba macho! Watu wamekodoa macho kwenye skrini, na yeye anayewasimulia ameyafumba. Nilimwuliza baadaye kwa nini.

"Hii nimeiona mara mingi, Mama Brenda," akasema. "Macho nawaachia wenye wamelipa."

Alikuwa na taratibu zake, na hazikuvunjwa. Asubuhi alifagia kibanda mwenyewe, akanyunyiza maji sakafuni ili vumbi lisipande, akaipangusa maikrofoni kwa kitambaa ambacho hakikuruhusiwa kupangusa kitu kingine chochote. Alitafuna tangawizi mbichi. Hakula mpaka filamu ya mwisho iishe, kwa sababu alisema mtu aliyeshiba anatafsiri kama mtu anayeota. Na matusi ya mama hakuyatafsiri kamwe. Jambazi angesimama kwenye skrini, mishipa imemtoka, anamtukania adui yake mama mzazi, na Dijei angesema kwa upole, "Kusema kweli, bwana, umeniudhi sana." Kibanda kizima kingelipuka kwa kelele. "Dijei, hajasema hivyo!" Yeye angeendelea tu. Alisema mama wa mtu hana kosa lolote katika hiyo sinema.

Mtu huyohuyo aliyeweza kuwatongoza malkia wawili kwenye filamu moja, akitoka nje alikuwa bubu. Kwenye duka alinyoshea mkate kidole. Akisalimiwa na vijana, "Niaje Dijei!", alitikisa kichwa akapita. Wengine walimwona ana maringo. Mimi niliyekuwa naishi ukutani kwake nilijua si maringo. Alikuwa amezoea kusema maneno ya watu wengine, na ya kwake yalikuwa yanamtoka kwa shida.

Maneno yake machache aliniambia mimi, tena kupitia mabati, kila mmoja akiwa upande wake. Nadhani ilikuwa rahisi kwake hivyo. Ndipo nilipojua habari za kijana wake. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume. Mama wa huyo mtoto aliondoka naye akiwa bado mdogo, baada ya ugomvi ambao Dijei hakunieleza na mimi sikuuliza, na hakuacha neno wameelekea wapi. Wengine walimwambia Nakuru, wengine hapahapa Nairobi. Dijei alitafuta mpaka akachoka, kisha akaamua kwamba badala ya kutafuta atasikika. Ndiyo maana, wakati wenye vibanda wengine walikuwa na spika ndani tu, yeye aliweka nyingine kubwa nje, juu ya mlango, ikiangalia reli. Watu wanaopita kwenye reli ya Laini Saba ni wengi kuliko wa soko.

"Nikimtoa shule nilikuwa namwigia sauti njia yote," aliniambia. "Ng'ombe, askari, mwalimu wake. Hizi sauti anazijua. Siku akipita hapa, atasimama."

Hilo ndilo alilolitaka duniani, na sikuwahi kumsikia akitaka kitu kingine. Kila filamu aliyotafsiri, ya ngumi au ya mapenzi, alikuwa anamwita mtoto.

Sasa nifike kwenye filamu yake. Kulikuwa na moja aliyoipenda peke yake, na hakuna mwingine aliyeipenda. Ilikuwa ya zamani, rangi zimeanza kupauka, ya chombo kinachosafiri angani kwenda kwenye nyota ya mbali sana. Hakuna ngumi humo. Hakuna bunduki. Chombo kinaelea, vinanda vinalia, mtu anatembea polepole kwenye ukumbi mweupe mrefu, basi. Alipojaribu kuiweka Jumamosi jioni vijana nusura wamng'olee mabenchi.

"Dijei, hii ndege inafika lini?"

"Weka ya Wachina, bana! Hawa watu wanalala tu!"

"Picha haina haraka," akawajibu kwenye maikrofoni. "Ni nyinyi mko na haraka."

Walitoka wote. Tangu hapo aliiweka Jumapili asubuhi tu, wakati watu wako kanisani, na watazamaji wake walikuwa masoja, walinzi wa usiku waliotoka zamu, ambao walikuja kulala kwenye mabenchi kwa bei nafuu. Na mimi, upande wa pili, na sindano mkononi. Ninaamini hakuna mtu Kibera aliyeisikiliza filamu hiyo mara nyingi kuliko mimi.

Ilikwenda hivi. Wasafiri wale walikuwa mbali mno hivi kwamba walilala usingizi wa miaka ndani ya masanduku ya vioo, wakiamshwa mmoja mmoja kwa zamu. Aliyekuwa macho wakati wote ni kompyuta ya chombo, mashine yenye akili na sauti, iliyofungua milango, ikagawa hewa na maji, na kuwatunza waliolala. Dijei aliita chombo "ploti", kama nyumba zetu za kupanga, na wale wasafiri "wapangaji", na ile mashine akaiita Keateka, kwa sababu kwetu mwenye ploti humwoni, unayemwona ni keateka wake, msimamizi, na ndiye mwenye funguo za mfereji. Sisi tulielewa mara moja. Kila msafiri alipoamka, Keateka alimpa salamu kutoka nyumbani. Mama yako amekusalimia, mahindi yamechanua. Dada yako amejifungua, mtoto amefanana na wewe. Msafiri alitabasamu, akafanya kazi yake, akarudi kulala ameridhika. Katikati palikuwa na ugomvi mkubwa. Mpangaji mmoja, daktari, mwanamke, alisimama mbele ya Keateka akafoka sana, na wenzake wakaamka wakafoka pia. Kwa Dijei ugomvi ule ulikuwa wa maji. Keateka amefunga mfereji, wapangaji wanadai maji yao. Mabishano yalikuwa matamu mpaka masoja waliamka kuyasikiliza, na mmoja wao akasema huyo keateka ni kama wa kwao kabisa. Kisha watu walitulia, chombo kikaendelea kuelea, na Keateka akaleta salamu nyingine. Mwisho.

Jumapili moja baada ya filamu hiyo ndipo salamu zilipoanza kwangu. Nilimsikia akikohoa karibu na mabati.

"Mama Brenda."

"Sema, Dijei."

"Kijana amekusalimia."

Nilisimamisha cherehani. "Kijana wako? Amepatikana?"

"Amepiga simu. Ako poa. Nikamwambia kuna jirani mzuri, akasema nikusalimie."

Nilifurahi nikapiga vigelegele peke yangu chumbani. Nilimwuliza yuko wapi, atakuja lini. Akasema yuko kazini mbali, hana nafasi, lakini anapiga. Tangu siku ile haikupita wiki bila salamu. Kijana amepandishwa cheo. Kijana alikuwa na homa, sasa amepona. Kijana anauliza kama Brenda alifaulu mtihani. Mimi nami nilirudisha, mwambie tumefurahi, mwambie ajifunike wakati wa baridi. Hata kofia ya kitambaa cha sweta nilimshonea, na Dijei akasema ataituma.

Halafu umeme wa kibandani ukakatwa kwa siku kadhaa, na Dijei akaniletea simu yake nimchajie kwangu. Ilikuwa simu ndogo ya tochi, imefungwa kwa mpira wa kiuno. Haikuingiza moto vizuri. Nilidhani betri ina kutu, nikafungua mfuniko wa nyuma niipanguse. Ndani hakukuwa na laini ya simu. Si kwamba ilikuwa imetoka au imelegea. Pale mahali pa kuweka laini palikuwa na vumbi lililogandamana, vumbi la siku nyingi, na hakuna simu iliyowahi kuingia mle ikitokea popote. Nilikaa chini. Nilimwonea huruma, na kidogo nilimkasirikia, kwa sababu nilikuwa nimempenda yule kijana.

Nilifunga mfuniko, nikamrudishia simu yake ikiwa imejaa.

"Kijana amepiga?" akaniuliza kupitia mabati.

Mpaka leo sijui kama alikuwa ananipima. Nikasema, "Hajapiga. Labda kazi imembana."

"Ee," akasema. "Kazi imembana."

Wiki iliyofuata akaniletea salamu kama kawaida, na mimi nikazipokea kama kawaida. Ningefanya nini? Mtu akikukaribisha chakula humwulizi sufuria ameazima wapi.

Kibanda hakikufa kwa siku moja. Kwanza simu ziliingia mifukoni, kila kijana na sinema yake mkononi. Kisha mabenchi yakapungua, kisha walioketi. Mwisho Dijei alikuwa anaitafsiria hewa, spika ya nje ikinguruma kuelekea reli, ndani hakuna hata soja mmoja. Nilimsikia akifanya sauti za wanawake wanne na ng'ombe kwa ukumbi mtupu. Siku mwenye kibanda, aliyekuwa akimpangisha, alipokuja kusema anataka kufungua duka la kuku, Dijei hakubishana. Alishusha spika yake, akaikalisha chini, na hakuwa na mahali pa kuipeleka. Alihamia Kawangware, kwenye ploti ya mama mmoja wa Kikuyu aliyemkodisha chumba na kumruhusu auze makaa ya mkebe getini. Alipokuja kuniaga alisimama mlangoni kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema, "Kijana anasema kwaheri." Upande wa pili wa mabati paliingia kuku wa kukaanga. Sikuwapenda.

Brenda alimaliza masomo akapata kazi ya kompyuta mjini. Kazi yenyewe nimeielewa nusu. Wanaonyeshwa picha siku nzima, hii ni barabara, huyu ni mtu, huu ni mti, ili mashine nazo zijifunze kuona. Alikodi nyumba Riruta akanichukua tukae naye. Ni nyumba ya mawe, na ukuta wa mawe haupitishi hata kikohozi. Majirani siwajui. Jumapili moja nilimsimulia Brenda filamu ya Keateka na wapangaji, akacheka, akaitafuta kwenye kompyuta yake, na akaipata. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona kwa macho. Kile chombo kilikuwa kizuri kuliko nilivyokifikiria, na wale watu walikuwa wazee kidogo kuliko sauti zao.

Tulipofika kwenye ugomvi, nikamwambia, "Sasa hapa wanagombania maji."

Brenda alinigeukia. "Maji gani, mathe?"

"Si Keateka amefunga mfereji?"

"Hakuna maji hapa. Skiza." Akarudisha nyuma, akanitafsiria neno kwa neno. "Huyu daktari anauliza hiyo mashine, 'Nyumbani wameacha kuongea na sisi tangu lini?' Mashine inasema kitambo sana. Anaiuliza, 'Sasa hizo salamu zinatoka wapi?' Inasema, 'Ni mimi natengeneza.' Anaiuliza mbona inawadanganya. Inasema ilijaribu kuwaamsha bila salamu na hawakuwa wanataka kuamka."

Brenda akasimamisha filamu.

"DJ wenu alikuwa anawapima akili," Brenda akasema. "Hii si movie ya landlord. Ama hakuwa anajua Kizungu?"

"Alikijua," nikasema. Alikijua vizuri kabisa. Filamu ngumu za mahakamani, za mawakili wanaosema maneno marefu, alizitafsiri bila kukwama. Ile moja tu ndiyo aliyoigeuza, Jumapili baada ya Jumapili, mbele ya masoja waliolala na mwanamke mmoja nyuma ya mabati. Nilikwenda jikoni nikajifanya natafuta chumvi.

Nilimwona tena mwaka huu, mvua zilipoanza. Nilikuwa nimeshuka Kawangware kutafuta zipu na bitana kwa ajili ya gauni la mteja aliyekuwa amekaa kwangu anangoja, mtu wa harusi, na nikaamua kupitia ile ploti. Nilimkuta getini kwenye kiti cha plastiki, mikebe ya makaa imepangwa mbele yake, gunia limefunikwa nailoni. Amezidi kukonda. Aliponiona alijaribu kusimama, na sauti iliyomtoka ilikuwa mkwaruzo tu. Vumbi la makaa, akasema. Daktari alimwambia aache makaa, na mwenye ploti alimwambia asiache kodi. Tulicheka. Aliniletea kiti kingine, akakipangusa kwa mkono.

"Brenda?"

"Yuko salama. Anafundisha mashine kuona."

"Eh! Na zinaelewa?"

"Anasema polepole."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikaona midomo yake ikijiandaa, na nikajua kinachokuja.

"Mama Brenda, kijana ame..."

"Nimeiona ile sinema, Dijei," nikamkatiza. Sikukusudia. Ilinitoka tu. "Ile ya Keateka. Brenda ameniwekea."

Aliangalia mikebe yake. Mpangaji mmoja alipita, akachukua makaa, akaondoka, na Dijei hakumwangalia.

"Yote?" akauliza.

"Yote."

"Na ile ya maji?"

"Hakuna maji, Dijei."

Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikampigapiga mgongo mpaka kikapungua. Mifupa yake niliihesabu kwa kiganja.

"Wale watu walikuwa wametoka job wamechoka," akasema alipopata pumzi. "Kila mtu hapo ameacha kwao mbali. Ningewaambia aje ati huko nyumbani hakuna mtu anapiga? Nikasema wagombanie maji. Maji mtu anaweza kugombania na aende alale."

"Ni sawa," nikasema.

"Hapa sina spika. Hata nikipiga nduru inaishia kwa geti." Alisugua viganja vyake vyeusi, kimoja juu ya kingine. "Atapita na hatajua."

Nilitaka kumwambia atajua. Nilikuwa na uongo wa kutosha mdomoni, miaka yote ile nilifundishwa na bingwa. Ningeweza kusema kuna mtu alikuja Laini Saba kumwulizia, mrefu, mwenye sura yake. Nikamtazama usoni na maneno yakakataa, kwa sababu yeye ndiye mtu pekee duniani ambaye angeyatambua. Mvua ndogo ikaanza kugonga nailoni ya gunia. Alivuta kiti chake karibu na changu, chini ya kipande cha bati kilichokuwa juu ya geti.

"Leo hakuna mtu amekusalimia, Mama Brenda," akasema. "Ni mimi tu."

Nikamwambia nami sikuleta salamu za mtu, nimekuja kumwona yeye. Akaitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu anayekubali bei. Kisha akaniuliza kama nina haraka.

Nilikuwa nayo. Zipu ilikuwa mkononi, na mtu wa harusi alikuwa amekaa nyumbani kwangu kwa shimizi. Nikamwambia sina.